Upendo na uovu katika riwaya na tamthilia za kudumu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa nini mambo haya mawili huulizwa pamoja?

Kwa sababu waandishi wenyewe waliyafunga pamoja. Chukua sura iitwayo "Uasi" katika Ndugu Karamazov, riwaya ya Dostoevsky, ile inayotajwa kila watu wanapozungumzia mateso ya watoto wasio na hatia. Haianzi na watoto. Inaanza na Ivan akimwambia mdogo wake Alyosha kwamba hajawahi kuelewa mtu awezaje kumpenda jirani yake. Wa mbali anapendeka. Wa karibu, uso wake tu unatosha kuliua pendo. Mashtaka makali kuliko yote dhidi ya mpango wa Mungu yanatoka kinywani mwa mtu aliyekwisha kukiri kwamba kumpenda binadamu aliye mbele yake kunamshinda. Asiyeliona hilo amesoma nusu ya sura.

Dante, mshairi wa Komedia aliyefariki mwaka 1321, alikuwa amekwenda mbali zaidi: kwake dhambi zote ni upendo uliopotoka. Milton, katika Paradiso Iliyopotea, anamwangusha Adamu si kwa uroho wa tunda bali kwa kushindwa kumwacha mkewe. Mary Shelley, katika Frankenstein, anamgeuza kiumbe wake kuwa muuaji baada ya kumnyima kila aina ya mapenzi. Ukiuliza "uovu umetoka wapi?", vitabu hivi karibu vyote vinakuonyesha nani anampenda nani, kwa namna gani, na nani analipa. Nimesema karibu vyote. Iago, yule mwovu wa tamthilia ya Othello ya Shakespeare, na tetemeko la Lisbon vina maswali yake hapo chini.

Aina nne za upendo ni zipi, na kwa Kiswahili tuziite nini?

Maneno ya Kigiriki ni storge, filia, erosi na agape. Mpango huu wa nne ulienea sana miongoni mwa wasomaji wa kawaida kupitia kitabu cha C. S. Lewis cha mwaka 1960. Wagiriki wenyewe hawakuyapanga kama droo za kabati. Maneno yao yaliingiliana, kama yetu.

Kiswahili hakihitaji kuazima. Storge ni mapenzi ya damu na mazoea: ya mama kwa mwana, ya ndugu kwa ndugu, hata ya mzee kwa paka aliyezeeka naye. Filia ni urafiki, au usuhuba ukitaka neno zito zaidi. Erosi ni mahaba. Ukiona tamaa ndiyo imeshika usukani, sema ashiki. Agape ni upendo kwa maana ambayo tafsiri za Biblia zimeizoesha masikio yetu, wema usiodai malipo; humu tutauita pia hisani.

Tatizo liko kwenye kitenzi. Nomino tunazo tele, lakini kitenzi ni kimoja, kupenda. Mhusika akisema "nakupenda", neno lenyewe halikwambii ni lipi kati ya hayo. Basi usihukumu kwa neno, hukumu kwa tendo linalofuata. Heathcliff wa Wuthering Heights na askofu wa Les Misérables wote wanapenda.

Je, nne zinatosha?

Kama mahali pa kuanzia, ndiyo. Ila zana tatu za ziada zinafaa kuwekwa karibu.

Aristotle, katika vitabu vya 8 na 9 vya Maadili ya Nikomako, anagawa urafiki mara tatu: wa faida, wa starehe na wa wema. Mgawo huu unaokoa muda mwingi. "Urafiki" wa Iago na Roderigo, kwa mfano, ni wa faida tupu: mmoja ana mkoba, mwingine anaukamua. Plato, katika Karamu, anatoa ngazi ya Diotima, ambapo mpenzi hupanda kutoka mwili mmoja mzuri hadi miili yote, kisha roho, kisha sheria na elimu, hadi Uzuri wenyewe. Tolstoy alitarajia msomaji anakijua kitabu hicho: katika Sehemu ya 1, sura ya 11 ya Anna Karenina, Levin anakitaja mezani akizungumza na Oblonsky juu ya aina mbili za mapenzi. Stendhal naye, mwaka 1822, alitoa orodha yake ya nne, na mojawapo ni mapenzi ya majivuno, ya kumpenda mtu kwa sababu kuonekana naye kunakupandisha. Bila hiyo, wahusika wengi wa riwaya za Ufaransa hawaeleweki.

Kisha kuna aina ambayo orodha huisahau kabisa: kupenda wazo. Kupenda "ubinadamu", "haki", "vizazi vijavyo". Katika riwaya za karne ya 19 hii ndiyo ya hatari kuliko ashiki.

Tatizo la uovu ni nini hasa?

Kwa sentensi moja: ikiwa Mungu ni mwema na anaweza yote, mbona uovu upo? Umbo lake maarufu hunasibishwa kwa Epicurus, nalo limetufikia kupitia mwandishi Mkristo Lactantius. Kiswahili kinatusaidia kutenga mambo mawili ambayo wanafunzi huyachanganya: dhuluma, ambayo mtu anamtendea mtu, na balaa, ambayo humpata mtu bila mkono wa mtu. Kumtetea Mungu kwa hoja ya hiari ya binadamu kunaweza kugusa dhuluma. Balaa hakuigusi.

Dhana nyingine ya lazima ni ya Augustine, mwanateolojia wa Kikristo wa kale: uovu si kitu chenye kuwapo kwake, ni upungufu wa wema. Fikiria tundu kwenye nguo. Tundu haliwezi kuwapo bila nguo, na huwezi kulikata ukaenda nalo. Waandishi wengi wanaiamini hata wasipomtaja mwenyewe, ndiyo maana shetani wao huwa na kitu kilichopungua: joto, usingizi, uwezo wa kucheka.

Kwa nini Ayubu hutajwa kila mahali?

Kwa sababu ndiye mzizi. Kitabu kina sura 42. Sura mbili za kwanza na mwisho wa ile ya mwisho ni nathari, katikati ni ushairi. Mambo mawili hupitwa. La kwanza liko 2:13: marafiki watatu walikaa chini na Ayubu siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Huo ulikuwa usuhuba wa kweli, na uliharibika walipoanza kueleza. La pili liko 42:7: Mungu anawakemea marafiki, wale waliomtetea, na kusema aliyenena sawasawa ni Ayubu aliyelalamika. Dostoevsky alikipenda kitabu hiki tangu utotoni, na mzee Zosima, mtawa anayemlea Alyosha kiroho, anakisimulia katika Kitabu cha 6 cha Ndugu Karamazov.

Ramani ya Dante inafanyaje kazi?

Fungua Toharani, sehemu ya pili ya Komedia, wimbo wa 17. Komedia nzima ina nyimbo 100 (Jehanamu 34, Toharani 33, Peponi 33), kwa hiyo huu ni wa 51: maelezo ya upendo yamepachikwa katikati ya kazi nzima. Usiku umeingia, wasafiri hawawezi kupanda zaidi, na Virgil, mshairi wa Kirumi anayemwongoza Dante, anatumia muda huo kueleza kwamba kila kiumbe hupenda, na kwamba upendo ni mbegu ya kila wema na ya kila tendo linalostahili adhabu.

Upendo hupotoka kwa njia tatu. Unaweza kulenga kibaya, yaani kutaka madhara ya mwenzako: hapo ndipo kiburi, husuda na hasira. Unaweza kulegea: uvivu. Au unaweza kuzidi kipimo kwa kitu ambacho chenyewe ni chema: uchoyo, ulafi, uzinzi. Huu ndio mpangilio wa ngazi saba za mlima kutoka chini kwenda juu, na uzinzi uko juu kabisa, karibu na pepo. Kwa Dante mahaba yaliyozidi ni kosa jepesi kuliko husuda. Upande wa Jehanamu ni vivyo hivyo: wazinzi wako duara la pili, wasaliti wako la tisa. Na chini kabisa hakuna moto. Kuna barafu.

Jaribu ramani hii kwenye kitabu kingine chochote. Mzee Goriot wa Balzac (1835) hana chuki hata chembe. Anawapenda binti zake wawili hadi anajikausha kwa ajili yao, na anakufa bila kuagana nao. Mapenzi ya damu yaliyozidi kipimo yamewalea watu wasioweza kupenda. Bila ramani utamwona tu kama mzazi mwema aliyeonewa. Hilo nalo ni kweli, lakini halitoshi.

Mtego mkubwa uko Jehanamu, wimbo wa 5. Francesca, mmoja wa wazinzi hao, anaeleza jinsi yeye na Paolo walivyoangukia mahabani wakisoma kisa cha Lancelot. Beti tatu mfululizo anazianza kwa neno lile lile, Upendo: Upendo ulifanya hivi, Upendo ulifanya vile. Yeye mwenyewe hakufanya lolote. Dante msafiri anazimia kwa huruma, na wasomaji wengi wanazimia naye. Dante mtunzi, aliyemweka pale, hakuzimia.

Nataka kusoma sehemu zinazohusu swali hili tu katika Ndugu Karamazov. Nianzie wapi?

Riwaya ilitoka kwa mafungu katika jarida mwaka 1879 hadi 1880. Ina vitabu 12 na hitimisho. Ukibanwa na muda, fuata mpangilio huu na usiuvuruge:

Kitabu cha 2, sura ya 4. Zosima anamsimulia mama mmoja kuhusu daktari ambaye, kadiri alivyozidi kuwapenda wanadamu kwa jumla, ndivyo alivyozidi kuwachoka mmoja mmoja. Hapo ndipo inapoingia tofauti kati ya upendo wa ndotoni na upendo wa vitendo, ambao Zosima anasema ni mkali na wa kutisha.

Kitabu cha 5, sura ya 3 hadi ya 5. Ndugu wawili hotelini, "Uasi", kisha "Mdadisi Mkuu". Usianzie sura ya 5 peke yake. Kosa hili hufanyika kila mara kwa sababu sura hiyo huchapishwa kama kijitabu, na ukiitenga hujui tena kwamba ni utungo wa Ivan, uliotolewa kumjibu Alyosha.

Kitabu cha 6 chote, ingawa kinachosha. Kisha Kitabu cha 7, hasa sura ya 3, kisa cha kitunguu: bikizee mwovu aliwahi kumpa ombaomba kitunguu kimoja, na malaika anamvuta kwa kitunguu hicho kutoka ziwa la moto. Wengine wanapomng'ang'ania anawapiga mateke akisema kitunguu ni chake. Kinakatika. Sijui kisa kifupi kuliko hiki kinachosema mengi zaidi juu ya upendo na uovu kwa pamoja.

Kitabu cha 11, sura ya 6 hadi ya 9: ziara tatu za Ivan kwa Smerdyakov, mtumishi aliyemuua baba yao Ivan, kisha shetani. Humu wazo la Ivan la kwamba yote yanaruhusiwa linarudi kwa mwenyewe likiwa na bunda la rubo 3,000 mkononi. Malizia na sura ya 3 ya hitimisho, mazishi ya Ilyusha.

Je, Ivan anamkana Mungu?

Hapana, na insha nyingi huanguka hapa. Anasema anamkubali Mungu. Asichokubali ni ulimwengu wake. Kama upatanisho wa mwisho unanunuliwa kwa machozi ya mtoto mmoja aliyeteswa, anarudisha tiketi yake, kwa heshima zote. Kisha anamuuliza Alyosha kama yeye angekubali kuijenga furaha ya wanadamu wote juu ya msingi huo. Alyosha, mtawa, anajibu kwamba asingekubali. Yaani mwandishi amempa mpinzani wake ushindi wa hoja.

Dostoevsky anamjibu wapi, basi?

Hajibu kwa hoja. Katika barua ya Agosti 1879 kwa Pobedonostsev, kiongozi wa serikali ya Urusi, alieleza kwamba jibu lingekuwa Kitabu cha 6, si nukta kwa nukta bali kwa picha ya kisanaa, na alikiri kuwa na hofu kama lingetosha. Hofu yake ilikuwa ya haki: wasomaji wengi humkumbuka Ivan na kumsahau Zosima. Kwa maoni yetu jibu lenye nguvu zaidi haliko Kitabu cha 6 kabisa. Liko kwa wavulana. Ivan alikusanya visa vya watoto kutoka magazetini, akavihifadhi kama ushahidi. Alyosha hakukusanya kisa hata kimoja. Alikwenda kukaa kando ya kitanda cha mtoto mmoja, Ilyusha, ambaye hata hivyo alikufa. Kifo hakikufutwa. Mwandishi alijua alichokuwa akikiandika: mwanawe mwenyewe, naye akiitwa Alyosha, alifariki mwaka 1878 kabla hajatimiza miaka mitatu.

Kama jibu hilo linakuridhisha au la, ni juu yako. Lakini insha inayosema "Dostoevsky anathibitisha kwamba..." imekosea kitenzi.

Je, mahaba daima huzaa uovu katika riwaya hizi?

Hapana. Kinachozaa uovu ni mahaba yanayokataa kuwa jambo la watu wawili na kutaka kuwa sheria ya dunia.

Wuthering Heights ya Emily Brontë (1847) ndiyo maabara bora. Katika sura ya 9 Heathcliff anamsikia Catherine akisema kuolewa naye kungemshusha hadhi, anaondoka, na hivyo hasikii anaposema kwamba yeye na Heathcliff ni nafsi moja. Watu hunukuu maneno hayo kwenye kadi za harusi. Yasome tena: ukiwa nafsi moja na mwenzako, basi wengine wote si watu. Na ndivyo inavyotokea. Heathcliff anamtendea Hareton, mwana wa Hindley, kile kile ambacho Hindley, kaka yake Catherine, alimtendea yeye, anamnyima elimu na adabu, kwa makusudi, akijua uchungu wake. Uovu hapa una kumbukumbu nzuri sana. Unakatika pale tu Cathy mdogo, binti wa Catherine, anapoanza kumfundisha Hareton kusoma, jambo dogo linalofanyika mezani. Sehemu ya pili ya riwaya filamu nyingi huitupa, ndiyo maana aliyeona filamu tu hudhani ni hadithi ya mapenzi.

Kumbuka pia kwamba msimulizi mkuu ni Nelly Dean, mtumishi wa nyumba hiyo. Ana maoni yake, na mara kadhaa ukimya wake ndio unaoleta madhara.

Kwa Anna Karenina, soma Sehemu ya 4, sura ya 17. Karenin, yule mume baridi wa ofisini, anamsamehe mkewe Anna na mpenzi wake Vronsky kitandani pa ugonjwa, na kwa siku chache ndiye mtu mkubwa kuliko wote kitabuni. Kisha msamaha wake hauna pa kwenda. Watu wa tabaka lake hawana nafasi ya jambo kama hilo. Tolstoy hasemi kwamba mahaba ni uovu na hisani ni wema. Anaonyesha kwamba hata hisani ikimjia mtu ambaye moyo wake uko kwingine humlemea kama deni.

Vipi kuhusu upendo ulionyimwa? Je, kiumbe wa Frankenstein ana udhuru?

Anadai hivyo mwenyewe: alikuwa mwema, taabu ndiyo iliyomfanya shetani. Dai lina ushahidi. Muumba wake alimkimbia saa alipofumbua macho. Mzee kipofu De Lacey pekee ndiye aliyemsikiliza kwa wema, kwa kuwa hakumwona; mwanawe Felix, mwenye macho, alimpiga. Amesoma Paradiso Iliyopotea ya Milton na anajilinganisha na Adamu, kisha na Shetani.

Lakini dai lina mipaka. Mtoto William, aliyemuua, hakumnyima kitu, na Justine, mtumishi aliyenyongwa kwa kosa lisilo lake, hakuwahi hata kumwona. Kunyimwa upendo kunaeleza, hakutakasi. Mary Shelley anaziacha hukumu zote mbili zisimame, nasi tunashauri insha ifanye vivyo hivyo.

Angalizo la kiufundi: toleo la 1818 liko katika juzuu tatu, na sura huanza kuhesabiwa upya kila juzuu, la 1831 lina sura 24 mfululizo. Ukinukuu "sura ya 15" bila kutaja toleo, msomaji wako anaweza asiipate. Milton naye vivyo hivyo: toleo la 1667 lina vitabu 10, la 1674 lina 12, kwa hiyo anguko la Adamu ni Kitabu cha 9 katika toleo la pili lakini cha 8 katika la kwanza.

Kuna wahusika waovu wasio na sababu yoyote?

Iago hukosa sababu kwa kuwa nazo nyingi mno. Amenyimwa cheo akapewa Cassio. Anashuku Othello, jemadari wake, amelala na mkewe. Kisha anashuku hata Cassio. Mshairi na mhakiki Coleridge aliona hapo nia mbaya inayotafuta visingizio. Mwishoni anaulizwa kwa nini, naye anaapa kutosema neno tena. Shakespeare alijua kwamba jibu lolote lingekuwa dogo kuliko tendo.

Billy Budd ya Melville, iliyochapishwa mwaka 1924, miaka 33 baada ya kifo chake, inaongeza jambo la kushangaza. Claggart, ambaye msimulizi anamwita mwenye upotovu wa maumbile, wakati mwingine humtazama baharia kijana Billy kwa macho yenye machozi, kana kwamba angeweza hata kumpenda. Kwa hiyo hata pale mwandishi anapoamua kuonyesha uovu usio na chanzo, kivuli cha pendo lililoshindikana kimebaki. Augustine angetabasamu.

Na Adili na Nduguze?

Kitabu cha Shaaban Robert kinastahili kukaa kwenye rafu hii. Wengi hukisoma shuleni kama kisa cha maadili na kuishia hapo. Majina ya ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, yanaeleza aina ya uovu: husuda, ile ile ambayo Dante aliiweka ngazi ya pili kutoka chini. Lakini kiini ni adhabu. Ndugu wamegeuzwa manyani, na Adili, waliyetaka kumwangamiza, ndiye anayeamriwa kuwapiga kila usiku. Anawalisha, anawapiga, na anaumia. Udugu haukufutwa na uovu wao, wala haukufutwa na haki. Linganisha na Ayubu: hapa anayeteseka zaidi ni mpigaji.

Tetemeko la ardhi linaingiaje kwenye riwaya?

Lisbon iliporomoka asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani. Mwanafalsafa Leibniz alikuwa ameandika mwaka 1710 kwamba ulimwengu huu ni bora kati ya yote iliyowezekana. Voltaire aliijibu rai hiyo kwa shairi, kisha kwa Candide (1759).

Sura ya 5 ndiyo ya kusoma polepole. Jacques, mtu pekee kitabuni hadi hapo aliyewasaidia wageni bila kudai kitu, anamwokoa baharia asizame. Yeye mwenyewe anatupwa baharini, na baharia anapita bila kugeuka. Candide anataka kujitosa. Mwalimu wake Pangloss anamzuia, akimthibitishia kwamba ghuba hiyo iliumbwa makusudi ili Jacques azame humo. Nadharia imemzuia mtu kumwokoa mwenzake. Hilo ni shtaka zito kuliko tetemeko lenyewe.

Na mahaba? Candide anavuka dunia akimtafuta Cunégonde, anampata amechakaa na mkali, na anamwoa bila hamu. Ukipenda boga penda na ua lake, husemwa. Voltaire hakupendezwa na lolote kati ya hayo mawili.

Je, upendo wa hisani hushinda mwishoni?

Wakati mwingine, na kwa polepole. Hugo anatumia sura 14 za kwanza za Les Misérables kwa askofu Myriel peke yake kabla Jean Valjean hajaingia. Wasomaji huziruka, na hapo wanajinyima, kwa sababu bila mazoea ya miaka mingi ya askofu kutoa, tendo la kumpa mwizi vinara vya fedha huonekana kama muujiza wa ghafla. Wala Valjean habadiliki papo hapo. Muda mfupi baada ya vinara anamnyang'anya mtoto Petit-Gervais sarafu yake. Ni baada ya hapo ndipo analia.

Mfano wa kinyume ni Mwana-mfalme Myshkin katika The Idiot, riwaya ya Dostoevsky ya 1868 hadi 1869. Ana hisani safi, na anampenda Nastasya Filippovna kwa huruma huku akimpenda Aglaya kwa namna nyingine. Huruma haimtoshi mwanamke anayetaka kuchaguliwa, naye anaishia mikononi mwa Rogozhin na kisu chake. Wema wa Myshkin haukusababisha mauaji, ila haukuyazuia, na kwa kiasi fulani uliyafungulia njia. Anayefundisha kwamba agape ni dawa ya kila kitu aanzie hapa.

Naandika insha. Nifanye nini?

Chukua onyesho moja, si kitabu kizima. Kwa maneno 1,500, onyesho moja na aina mbili za upendo zinazogongana zinatosha. Chora safu tatu kwenye karatasi: nani anapenda, anapenda nini, nani analipa. Safu ya tatu ndiyo itakayokupa hoja.

Soma mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili weka herufi pembeni: D kwa damu, U kwa usuhuba, M kwa mahaba, H kwa hisani, W kwa wazo. Zingatia ukurasa ambapo herufi inabadilika kwa mtu yule yule. Karenin akihama kutoka sifuri hadi H, Ivan akihama kutoka W hadi hofu. Mabadiliko hayo ndiyo mada.

Kinachoharibu: kutia alama maneno badala ya matendo, kumwamini msimulizi moja kwa moja, kumnukuu mhusika kana kwamba ni mwandishi, na kufunga kwa kusema upendo hushinda uovu wakati maiti iko chumbani.

Tuna kikundi cha kusoma. Mjadala huu hugeuka ugomvi wa dini. Tufanyeje?

Watu sita hadi wanane, dakika 90. Nusu saa ya kwanza iwe ya maandishi tu: kila anayesema ataje ukurasa. Imani za washiriki zisubiri hadi dakika 20 za mwisho. Someni kwa sauti onyesho lisilozidi kurasa nne kabla ya kuanza, kwa sababu nusu ya ugomvi hutokana na watu kukumbuka vibaya.

Kama kuna mfiwa kati yenu, msianze na "Uasi". Visa vya watoto humo ni vizito mno, na vilichaguliwa na Ivan makusudi viumize. Ayubu 2 inafaa zaidi, hadi kwenye aya ya 13, na pale mnaweza kunyamaza.

Kama nina muda wa kitabu kimoja tu?

Wuthering Heights ikiwa unachotaka ni upendo, Candide ikiwa ni uovu. Hiyo ya pili ina sura 30 fupi na huisha kwa siku mbili. Ukitaka vyote viwili na huna hata wiki, soma ile sura ya kitunguu.